Shemeji Breki Alivyovunja Zege Lake

Ua wa nyumba ya dada yangu ulikuwa zege tupu, kutoka mlango wa jikoni mpaka getini, ukuta hadi ukuta. Aliyelimwaga ni mume wake mwenyewe, zamani, walipohamia pale. Dada ni dobi, na dobi na udongo hawapatani. Shuka jeupe likidondoka kwenye vumbi, kazi ya asubuhi nzima imekwenda na maji. Kwa hiyo shemeji alipopata likizo alikodi mafundi, akakata mpera na vichaka vilivyokuwepo, akasawazisha, akamwaga.

"Wenzangu wanaletewa viatu," dada alizoea kusema. "Mimi nililetewa saruji."

Lakini alisema akicheka, maana zege lile ndilo lililomlisha. Alifunga kamba kutoka ukuta huu hadi ule, akaanza kufua mashuka na taulo za gesti, baadaye na makoti ya kliniki ya meno. Kazi ilipomzidi aliniita mimi mdogo wake nije kupiga pasi. Chumba cha pasi kinapakana na jiko na dirisha lake linatazama uani. Karibu yote ninayosimulia hapa niliyaona nikiwa nyuma ya meza ya pasi.

Shemeji alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Madereva wenzake walimpa jina la Breki, na si kwa sababu ya woga. Alikuwa anasimamisha lori zima, na mzigo wake, kumpisha kobe avuke barabara. Utingo wake alitusimulia kwamba wakati mwingine kobe alichelewa mno, basi shemeji anashuka, anambeba kama sinia la chakula cha wageni, anamweka upande alikokuwa akielekea, ndipo wanaondoka. Foleni nyuma inapiga honi na kutukana. Yeye anawapungia mkono.

Nyumbani alikuja kama mgeni. Analala sana, anakula, anawachekesha watoto, kisha kunakucha hayupo. Watoto wakakua hivyo, wakaenda kwao. Dada akazoea. Nadhani hata nyumba ilizoea, kwa jinsi vitu vilivyokaa: kila ndoano ina fungu lake la vibanio, kila beseni lina mahali pake, na hakuna mahali palipobakizwa kwa ajili ya mtu wa kukaa tu.

Halafu macho ya shemeji yakaanza kuingia ukungu. Daktari alimwambia barabara basi. Akarudi na begi, kigodoro cha ndani ya lori na birika lililoungua kitako.

Tangu siku ile alikuwa mtu wa kusogea. Akiweka kiti karibu na bomba, dada anataka kupitisha beseni. Akikihamishia chini ya kamba, mashuka yanampiga usoni. Ukumbini pamejaa mafurushi yenye karatasi za majina ya vyumba. Akija chumba cha pasi, tunabaki tunatazamana, maana mimi si mwepesi wa maneno, na baada ya muda anajisingizia kiu anatoka. Na ikifika adhuhuri zege linawaka kama kikaango, hata paka wa jirani anavuka mbio.

"Mzee, hebu tafuta pa kukaa," dada alimwambia siku moja, mikono imejaa povu. "Unanizunguka kama inzi wa buchani."

Alikuwa anatania. Shemeji alitabasamu, akachukua kiti, akatoka nacho nje ya geti, akakaa na fundi viatu.

Wiki hiyohiyo bosi wake wa zamani alimpigia simu. Alikuwa na yadi ya malori mji mwingine, alitaka mtu mzima wa kuiangalia, na chumba cha kulala kilikuwepo palepale. Shemeji alitueleza wakati wa chakula cha jioni, macho yake yakiwa kwenye sahani.

"Ulinzi?" dada akasema. "Na macho hayo utamwona nani?"

"Mwizi wa tairi husikika."

"Unataka kwenda?"

"Sijasema nataka. Nimesema nimeitwa."

"Haya," dada akasema, akainuka kukusanya vyombo ambavyo vilikuwa bado na chakula.

Namfahamu dada yangu. Akikasirika anaongea mpaka mtaa wa pili. Akisema haya na asiongeze neno, kuna kitu kimemchoma. Lakini hakumwomba abaki, na shemeji hakusema kwamba alisubiri kuombwa. Alimwambia bosi ampe muda.

Asubuhi moja, nikiwa nanyunyizia maji foronya, nikawasikia uani.

"Nipe ile kona nyuma ya tangi la maji," shemeji alisema.

"Ya nini?"

"Niivunje."

"Uvunje nini?"

"Zege."

"Zege lako mwenyewe?"

"Ndiyo maana najua litanitoa jasho."

Dada akaacha kufikicha. "Nyumba nzima imekushinda kukaa, sasa unataka kuibomoa?"

"Mama watoto, miaka yote ile nimelala porini. Alfajiri ndege wananiamsha, kila mahali na ndege wake. Hapa nikifumbua macho nasikia tangi linajaa, basi. Hakuna wa kuniambia kumekucha."

"Si mimi nipo? Kila siku nakuamsha."

"Wewe unaniamsha nisogee."

Dada alicheka mpaka akakalia beseni lililopinduliwa. Kisha akamtazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akimtazama mtu mchana wa kazi.

"Kona moja," akasema. "Udongo wako ukigusa shuka langu, utalifua wewe."

Aliazima mtaimbo na nyundo kubwa. Fundi viatu aliposikia mapigo aliingiza kichwa getini.

"Breki! Unachimba mafuta?"

"Natafuta minyoo."

"Wenzako wakistaafu wanafuga kuku, wewe unafuga minyoo!"

"Kuku si wanakula minyoo? Mimi naanza mwanzo."

Minyoo hawakuwepo. Alipoinua bamba la kwanza nilitoka kwenda kumsaidia kulisogeza, nikaona kilichokuwa chini yake. Udongo wa kijivu, umeshikana kama tofali, hauna mzizi, hauna hata siafu mmoja. Shemeji aliuchukua mkononi akaunusa, akanipa na mimi ninuse. Haukunuka chochote.

"Shemeji, huu niliuzika ukiwa hai," akaniambia.

Nikarudi kwenye pasi.

Kazi yake aliifanya polepole, kama mtu aliyezoea safari ndefu. Mabonge ya zege hakuyatupa. Aliyapanga ukingoni bila saruji, akaacha nafasi katikati, na baadaye mijusi walihamia humo bila kuuliza kodi. Jioni alikwenda sokoni na kiroba kuomba maganda na majani ya mboga yaliyonyauka, akayazika kwenye ule udongo na kuufunika kwa nyasi kavu. Beseni la dada lililotoboka aliliziba, akalifukia mpaka shingoni, akalijaza maji na kuweka jiwe la kukanyagia katikati.

Maji ya kumwagilia yalikuwa kazi nyingine. Ya sabuni hakuyataka, alitaka ya suuzo la mwisho tu. Akawa anakaa na ndoo yake karibu na dada.

"Hili la ngapi?"

"Bado lina povu."

"Na hili?"

"Hilo chukua. Dunia hii, hata maji yangu machafu yamepata kazi!"

Mimea hakununua. Wale wanaouza maua barabarani wana vitu vizuri, vimekatwa kama nywele za bwana harusi, lakini shemeji alisema vile ni vya kutazamwa na watu, yeye alitaka vya kuliwa na wadudu. Alipanda magari ya madereva wenzake, akashuka kwenye viwanja vitupu na kando za barabara, akarudi na vipande vya miti ndani ya gunia bichi. Majina yake mengi hakuyajua. Aliijua mimea kwa barabara. "Huu niliuona kwenye ule mteremko tulipokosa breki," angesema. "Huu uko pale kwenye mizani, ndege wanaugombea." Alipanda majani ya mbegu ndogondogo, kichaka cha maua ya rangi ya chungwa yenye umbo la mrija, na mmea wa kutambaa uliofunika ukuta wote wa nyuma.

Msimu ule wa kwanza wa mvua palikuwa na fujo tu. Msimu wa pili akaja chura, sijui alitokea wapi katikati ya mji, akalikamata lile beseni kama la urithi. Wakaja nyuki, wakaja kerengende, wakaja vipepeo wa njano waliopitapita kati ya taulo. Asubuhi moja chozi, yule ndege mdogo anayeng'aa kama kitufe, alisimama hewani mbele ya uso wa dada aliyekuwa na vibanio viwili mdomoni.

"Hichi kidude kinataka nini?" dada akasema kwa meno.

"Kinakusalimia."

"Kiambie nina kazi."

Lakini hakusogea mpaka kilipoondoka chenyewe.

Kona haikubaki kona. Kila baada ya muda shemeji alisimama kwenye bamba lililofuata na kuligonga kwa kisigino, akimtazama mkewe. Dada hakusema ndiyo hata mara moja. Alisema, "Utanimaliza wewe," na shemeji akachukua mtaimbo. Pande tatu za ua zikawa kijani. Kamba zikabaki katikati, juu ya zege lililobaki, na niseme ukweli, mashuka yalikauka vilevile, tena mchana tuliweza kusimama uani bila kukimbia. Kiti cha shemeji kilipata kivuli. Hakuna aliyekisogeza.

Bosi naye hakukata tamaa. Alipiga tena, shemeji akamwambia asubiri kidogo. Dada alikuwa anasikia. Alikuwa anasubiri pia, bila kusema anasubiri nini.

Sasa nifike kwenye mforsadi. Shemeji alikata tawi lake nje ya karakana moja, akalichomeka kwenye ufa wa zege pale maji ya suuzo yanapoelekea, katikati kabisa ya ile kamba ndefu, kwa kuwa palikuwa na unyevu wakati wote. Tawi lilishika upesi kama lililokuwa linangoja. Likawa mti, ukapita ukuta, ukatandaza matawi. Alifurahi sana, akasema porini hakuna mti ndege wanaoupenda kama ule. Dada alijua madoa yote ya dunia lakini hakuwahi kuishi na mforsadi. Shemeji aliujua mforsadi lakini hakuwahi kuishi na mashuka. Kila mmoja aliutazama mti ule kwa nusu yake.

Ulizaa kwa mara ya kwanza wiki ambayo gesti kubwa ilikuwa na wageni wa semina. Mwenye gesti, mama mmoja mwenye haraka siku zote, alitaka mashuka yote jioni ile. Dada alifua tangu alfajiri, akaanika kamba zote, akaenda kliniki kupeleka makoti. Shemeji alikuwa sokoni na kiroba chake. Mimi nilikuwa na foronya, nikasikia ndege wanapiga kelele kuliko kawaida, nikafurahi kwa ajili yake.

Nilipotoka kuanua, nikasimama mlangoni. Forsadi ni tunda dogo jeusi lenye maji ya zambarau kama wino. Wale ndege wenye kishungi cheusi na manjano chini ya mkia walikuwa wamekuja ukoo mzima. Walikula juu ya mti, wakapumzika kwenye kamba, wakaachia walichokula. Mashuka meupe ya wageni wa semina yalikuwa kama daftari la mtoto aliyevunja kalamu.

Shemeji ndiye aliyerudi kwanza. Alisimama, akavua kofia, akayakaribia mashuka mpaka pua ikakaribia kuyagusa, kwa sababu ya macho yake. Alikuwa bado amesimama hivyo dada alipoingia getini.

Nilimsubiri apige kelele. Natamani angepiga. Aliyapitia mashuka moja baada ya jingine, akayainua pembe, akayaachia. Akautazama mti.

"Haya," akasema, akaingia jikoni.

Shemeji aliingia chumbani kwao. Mlango ulikuwa wazi, nikamwona akivuta begi kutoka juu ya kabati. Kisha nikamsikia kwenye simu. "Bosi, ile nafasi ipo bado? ... Kesho. Ndiyo, hata kesho naweza." Akatoka na panga, akaenda moja kwa moja kwenye mforsadi, akashika tawi la chini.

Dada akatoka jikoni na birika linalotoa mvuke.

"Weka panga. Njoo ushike shuka."

"Ngoja kwanza nikate..."

"Mti hautakimbia. Doa likikauka halitoki. Njoo!"

Doa la matunda dada halifikichi. Shuka linavutwa juu ya beseni mpaka likaze, halafu maji yanayochemka yanamwagwa kutoka juu, yapite kwenye doa kwa nguvu. Dada alipanda stuli. Shemeji akalivuta shuka, mikono imenyooka, uso ameugeuza pembeni.

"Vuta. Zaidi. Umezoea usukani, hili ni shuka, usilizungushe!"

"Hivi?"

"Hivyo. Vidole mbali, sikumwagii wewe."

"Ungenimwagia ningestahili."

"Usinililie kwenye shuka safi. Vuta."

Akamwaga. Zambarau ikapauka, ikawa waridi, ikawa kama kivuli, ikatoka. Shemeji alilitazama shuka lile kana kwamba ameona mtu anafufuka. Wakahamia doa lingine, na lingine, mimi nikichemsha maji na kupokezana mabirika, lao na lile lake la lori.

"Nimempigia bosi," shemeji akasema baada ya muda.

"Nimesikia. Kuta za nyumba hii nyembamba. Hujakaa humu vya kutosha kujua."

"Kesho nitaondoka. Utamwita fundi amwage zege upya, litakuwa kama zamani."

Dada akashusha birika. "Nani kakwambia uondoke?"

"Umesema haya."

"Nilikuwa naenda kutafuta birika!"

Shuka lililegea mikononi mwa shemeji, dada akamwonyesha kwa kidevu alikaze.

"Nisikilize vizuri," akasema kutoka juu ya stuli. "Mti huu uondoke, leo hii, na usinibembeleze. Wewe sikukutaja. Kazi hii nilikuwa naifanya peke yangu, unajua nilivyokuwa nafanya? Nalifunga shuka kwenye miguu ya stuli na meza, naomba Mungu lisichomoke. Leo mara ya kwanza limeshikwa na mtu. Halafu mtu mwenyewe ananiambia anakwenda kulinda matairi."

Nikakumbuka kuna birika jikoni. Halikuwa limechemka, lakini nilikaa nalo.

Mwenye gesti alikuja kabla hatujamaliza. Dada hakumficha. Alimwonyesha mti na ndege, akamwambia yamebaki machache. Yule mama alisema maneno yake yote, akachukua yaliyokuwa tayari, akarudi kuchukua mengine giza likianza kuingia. Mwezi uliofuata alitupunguzia kazi, nusu akaipeleka kwa dobi mwenye mashine. Dada anasema itarudi. Sijui. Bado anaangalia getini kila Jumatatu, siku ya mzigo wa gesti.

Shemeji alimpigia bosi simu usiku huohuo. "Nimenyimwa ruhusa," nilimsikia akisema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyenyimwa kitu.

Mforsadi aliung'oa kwa siku kadhaa, maana mizizi ilikuwa imeingia chini ya zege. Fundi viatu aliomba kipande akachomeka ng'ambo ya barabara. "Mimi nauza rangi nyeusi," alisema. "Ndege wakinichafua wananisaidia kazi."

Palibaki shimo katikati ya kamba. Nilidhani dada atataka lizibwe kwa saruji, na nadhani shemeji naye aliogopa hivyo, alikuwa analizunguka bila kuligusa. Asubuhi moja dada alisimama ukingoni na beseni kiunoni.

"Hapo sasa utaweka nini?"

Miaka yote ile hakuwahi kumuuliza swali kama lile. Shemeji alishtuka.

"Wewe unataka nini?"

"Mimi najua nini habari ya miti?"

"Unajua madoa."

Dada akafikiri. Kisha akaingia ndani, akatoka na shuka lililochakaa, akalichana vipande. Tangu hapo ndivyo wanavyofanya. Shemeji analeta matawi kutoka kwenye barabara zake, na maua na matunda yake kama yapo. Dada anayasugua kwenye kitambaa kwa kidole gumba, anakiacha juani, anakifua, anakianika, anakishika kwenye mwanga. Wameshakataa miti mingi. Kuna mmoja maua yake yalifaulu lakini majani yake yakatoa ukijani, kuna mwingine ulitoa utomvu ulioganda kama gundi. Leo asubuhi walikuwa dirishani kwangu wanabishana.

"Huu unatoa njano."

"Njano kidogo tu, mama watoto."

"Kwenye shuka hakuna njano kidogo."

"Mimi siioni."

"Wewe unaona nini? Leta mwingine."

Shemeji akachukua gunia lake, akavaa kofia. Alikuwa amefika getini dada alipomwita.

"Usichelewe. Kuna mashuka ya kukunja."